Msomaji wa Iringa, mfarishi wa kudarizi haupigwi almasi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji wa Iringa aliyeandika hapa wiki mbili zilizopita kwamba kina mama wa vikundi waache kupoteza muda na sindano ya mkono, mfarishi wowote upelekwe kwa fundi apige mistari ya almasi, ile ya mshazari inayokatana, kwa cherehani, nusu siku kazi imeisha, kesho yake uko sokoni. Niliisoma ile barua mara mbili, mara ya kwanza nilidhani anatania. Kwa mfarishi wa viraka vya vitenge vitupu yuko sawa na sina ugomvi naye. Ila yeye aliandika "wowote", na mimi hapo kwenye "wowote" ndo nimekwama, maana hiyo almasi yake imeshanilia kazi ya miaka minne ya mama mkwe wangu.

Ninaposema mfarishi nasema lile blanketi la tabaka tatu, juu kitambaa kizuri, katikati pamba au fiba, chini shuka la kawaida, zote zimeshikizwa pamoja kwa uzi. Vijana wanaita kwilti, mama mkwe anaita tu blanketi la vitambaa. Na huku kwetu siyo pambo la kitanda, mtu wa Dar anaweza kudhani ni pambo, aje alale Makete au Njombe mwezi wa sita na kishuka chake halafu tuongee asubuhi.

Sasa mama mkwe ni mtu wa Makete, kule juu karibu na Kitulo, hifadhi iliyotangazwa 2005 kwa ajili ya maua, siyo tembo wala simba, wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu. Magoti yalipoanza kumsumbua akawa haendi tena shambani, akakaa kibarazani anadarizi. Vipande ishirini vya pamba nyeupe, kila kimoja futi moja kwa futi moja, na kila kipande kina ua lake alilowahi kuliona kwa macho, hakunakili popote. Kuna moja la jamii ya yale maua ambayo watu wanachimba viazi vyake vinapelekwa Zambia kutengenezewa chakula wanachokiita chikanda, limefungua mdomo kama linataka kukusalimia. Majani kayapiga kwa mshono wa mnyororo, petali kazijaza uzi umelala ubavu kwa ubavu mpaka zinang'aa kama zimepakwa mafuta, katikati kaweka vifundo vidogo vidogo mfano wa punje za ulezi. Alipomaliza cha ishirini akanipa kwenye mfuko wa unga uliofuliwa, akasema, "Haya mwanangu, we ndo una cherehani, muunganishie mjukuu wangu."

Nikaunganisha. Katikati ya kipande na kipande nikaweka ukanda wa kitenge cha bluu, ikatoka vizuri mno, majirani wanakuja kuangalia. Kilichobaki ilikuwa ni kuweka pamba na shuka la chini na kushikiza. Hapo mimi nikachoka, nikaogopa ukubwa wake, nikapeleka kwa fundi mmoja hapa mjini ambaye simtaji kwasababu nusu ya kosa ni langu. Aliutandaza kwenye meza akauangalia kama dakika moja, akasema, "Dada hii napiga almasi, inatoka kama ya dukani." Nikasema sawa. Sikuuliza almasi zitapita wapi.

Zilipita kila mahali. Mistari ya mshazari, kila baada ya inchi tatu, inakatana, inaingia kwenye ua inatokea upande wa pili. Nieleze ilivyokuwa kwa karibu ili mtu asidhani nalalamika bure. Sindano ya cherehani ikishuka kwenye petali iliyojazwa uzi haipati kitambaa cha kupenya, inapata nyuzi zilizobanana, kwahiyo inazichana. Pale inapopita unaona uzi umefumka umetoa manyoya, siku ya kwanza ni kidogo, ukifua mara mbili petali ina upara. Kwenye lile ua la mdomo wazi mstari ulipita katikati kabisa, vifundo vitatu vimepasuliwa. Halafu geuza nyuma, shuka la chini limejikunja mikunjo kama sketi. Sababu ni kwamba palipodariziwa ni pagumu na pembeni yake ni palaini, cherehani inavuta chini kwa meno yake na mguu unasukuma juu, tabaka haziendi pamoja, na hakuwa amepiga bandi ya kutosha, zile shona ndefu za muda, alibana pini tu pembeni na moja moja katikati.

Mama mkwe alikuja Mbeya kwa ajili ya kliniki, nikamwonyesha, ningefichaje. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja akaufuata taratibu kutoka kona mpaka kona. Akasema, "Nani kaweka seng'enge kwenye maua yangu?"

Basi nikafumua. Wiki tatu, wembe na taa, watoto wakishalala. Kwenye pamba nyeupe tupu vitundu vilijifunga baada ya kuloweka na kupiga pasi, ila kwenye petali uzi uliokatika umekatika. Petali sita nilizijaza upya kwa uzi wangu na wekundu wake siyo ule.

Ndo katika kufumua huko nikawa najiuliza ilitakiwa ishikizwe vipi, nikaanza kuulizia, nikamuuliza sista mmoja mzee aliyewahi kufundisha ushonaji, nikamuuliza fundi anayedarizi majoho, nikajaribia kwenye vitambaa chakavu. Na nilichokuja kuona ni kwamba watu tunaanzia mwisho. Tunaanza na "nitapiga dizaini gani", wakati darizi yenyewe imeshaamua kitambo, we kazi yako ni kuisoma.

Kwanza pitisha kiganja juu ya darizi. Kama ni mstari tu, uzi mmoja umechora umbo na ndani kitambaa kiko wazi, kama zile kazi za uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe ambazo Wamarekani walizipenda sana mwishoni mwa miaka ya 1800, basi hiyo haikusumbui, cherehani inaweza kupita jirani na hata mstari ukivuka uzi mahali pamoja pawili madhara ni madogo. Lakini kama imejazwa, imenyanyuka, ina vifundo, ina shanga, au ni darizi ya mashine ya kompyuta ile nzito yenye kitambaa kigumu nyuma yake, hapo usivuke. Unazunguka. Unaacha kama robo inchi kutoka ukingo wa ua, unashona kulifuata umbo lake lote, na ukitaka unaongeza duru ya pili na ya tatu nje yake kama maji yanavyofanya ukitupa jiwe. Ua linabaki limenyanyuka na kitambaa cha pembeni kinalala, na ndo uzuri wenyewe, maana kile kivuli kidogo kinachozunguka ua hakuna uzi unaoweza kukidarizi.

Hapo watu wengi wanaishia, wanasema nimeelewa, zunguka maua. Subiri. Kipande changu ni inchi kumi na mbili, ua na majani yake linachukua kama inchi tisa. Nikizunguka kwa nje tu nimeacha inchi tisa katikati hazijashikizwa na kitu. Na ujazo wa ndani hautaki hivyo. Ukiweka pamba ya kuchambua, ile ambayo nyuzi zake hazijagandishwa pamoja, inataka kushonwa karibu karibu, inchi mbili hivi ukizidi sana, la sivyo ukifua mara ya kwanza inakimbilia pembeni inakuwa madonge, unalala na blanketi lenye vichuguu. Sufi ndo kabisa, sufi iache kwenye mito, mfarishi wa sufi ukifua umeupoteza. Fiba iliyogandishwa inavumilia zaidi, nyingine inchi nne, nyingine nane, inategemea ilivyotengenezwa, kama ina karatasi yake ya maelezo soma hiyo karatasi na usimsikilize muuzaji. Kwahiyo unaona mtego ulipo, darizi inasema usinipite, pamba inasema nishone karibu. Yule fundi wangu alisikiliza pamba peke yake. Mtu mwingine atasikiliza darizi peke yake na baada ya mwaka ndani kumehama kote.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Ujazo nilibadilisha nikaweka fiba nyembamba badala ya pamba. Halafu nikatandaza chini sebuleni, tukasogeza makochi, shuka la chini nikalibana sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi likanyooka bila kuvutika, fiba juu, kitambaa cha maua juu yake, nikapiga bandi kuanzia katikati kwenda nje kama jua na miale yake, kila inchi nne, kwa uzi mweupe. Uzi wa rangi usitumie hapa, unaacha vinyuzi vyake kwenye kitambaa cheupe. Magoti yaliniuma siku mbili, nikamwelewa mama mkwe.

Baada ya bandi, cherehani. Ndio, cherehani, msomaji wa Iringa asidhani namkataa moja kwa moja. Ile mikanda ya kitenge nilipita kwenye kiungo chake kwa Butterfly yangu hii hii ya mguu, mshono umezama pale kitenge kinapokutana na pamba nyeupe, kwa juu hata huuoni. Nilirefusha hatua ya mshono kidogo na nilienda polepole, mikono miwili imetandaza kitambaa, hakuna kuvuta. Siku moja na nusu mfarishi wote ukawa umeshikwa kwenye gridi, kila ua liko kwenye chumba chake. Hapo hata ukipata dharura ukauacha miezi sita hauharibiki.

Ndani ya vyumba ndo mkono. Sindano fupi, fupi kweli, siyo ile ndefu ya kudarizia, maana ndefu inapinda ukikusanya shona tatu nne kwa mpigo. Kastabani kwenye kidole cha kati, na kama huna, kata kipande cha ngozi ya kiatu ukishone kama kofia ya kidole, mimi ndo navyotumia. Nazunguka ua kwa nje, halafu naingia ndani kupitia njia zilizopo. Ukiangalia darizi vizuri ina njia, kati ya shina na jani pana upenyo, kati ya petali na petali pana upenyo wa kitambaa kitupu wa upana wa punje ya mchele, sindano inapita humo bila kugusa uzi wa mama. Na katikati kabisa, pale kwenye vifundo vya ulezi, nashusha sindano pembeni ya kifundo, natokea chini, narudi, nafunga nyuma. Mshono hauonekani na ua limeshikwa. Kwa namna hiyo hakuna sehemu yoyote inayozidi inchi tatu bila kushikizwa, na hakuna petali iliyochomwa.

Shona zangu ni sita kwa inchi moja. Wenye mikono yao wanafika kumi na hawatoi jasho, mimi sita, na sioni aibu, zinalingana na hilo ndo la muhimu, shona nne zinazolingana zinapendeza kuliko kumi zilizolewa.

Kila kipande kinanichukua jioni mbili. Piga hesabu, vipande ishirini ni jioni arobaini, na hapo ndo namkubalia msomaji wa Iringa kwa moyo mweupe, hiyo siyo kazi ya kuuza. Kikundi kikishona hivyo kikauza kwa bei ya sokoni kimejipunja. Ila jibu la kuuza siyo almasi juu ya maua, jibu ni kuchagua njia nyingine ya haraka ambayo haiui darizi, na zipo.

Kuna kufunga. Hushoni mistari kabisa, unapitisha uzi mnene mara mbili mahali pamoja, unafunga fundo la kulia kushoto kushoto kulia, unakata unaacha vimkia. Unafanya hivyo kila baada ya inchi nne hivi, kwenye kona za vipande na kwenye nafasi tupu pembeni ya ua, na fiba iliyogandishwa inakaa. Jioni mbili mfarishi mzima umeisha. Wengine wanaona ni ushamba, na siwaelewi. Kule Marekani miaka ya 1880 palikuwa na wazimu wa mifarishi ya vipande vya hariri na mahameli visivyo na mpangilio, imedariziwa kila kiungo, na mingi kati ya ile haikupigwa mistari, ilifungwa tu vifundo, na mara nyingi ndani hawakuweka hata pamba. Waliona kabisa kwamba juu ya darizi nzito namna ile sindano haina pa kupita.

Na kuna yule fundi wa majoho. Huyu ndo mtu ambaye vikundi vinapaswa kumtafuta na havimtafuti. Anatoa mguu wa cherehani, anashusha au anaziba meno, anakiendesha kitambaa kwa mikono yake huku na kule kama anaandika barua, ndivyo anavyodarizi shingo za majoho kila siku. Mtu huyo kulizunguka ua kwa cherehani kwake ni mchezo. Mpe kwanza kipande cha majaribio chenye tabaka zote tatu, usimpe kazi yenyewe, angalia nyuma kama uzi wa bobini hautengenezi vitanzi, na ukubaliane naye kwa chaki kabisa wapi asiguse. Mimi nilipokutana naye nilikuwa nimeshaanza kwa mkono, ila wa pili nitampa.

Na kama ndo unaanza hata darizi hujapiga, kuna njia ya kina mama wa Bengali, kule India na Bangladeshi. Wanachukua sari kuukuu wanazipanga tabaka tabaka, wanashona shona ndogo za kwenda mbele kupita tabaka zote, na hizo shona ndo darizi na ndo zinazoshikiza, kazi moja. Wanaita kantha. Mimi nikiwaza khanga zangu zilizochakaa zikawa laini, nne zikipangwa hivyo na ua moja moja juu, kwa hali ya Mbeya mwezi wa tano inatosha, mwezi wa saba unaongeza blanketi.

Nimeandika haya kwasababu Nanenane inakaribia. Mwaka jana pale uwanja wa John Mwakangale niliona mifarishi mitatu ya kudarizi kwenye mabanda tofauti, na yote mitatu ina almasi juu ya maua. Nikamuuliza dada mmoja aliyekuwa bandani nani kawafundisha, akasema mwalimu wa semina. Nikaelewa. Semina ni siku mbili, almasi inafundishika kwa rula na siku mbili, kusoma darizi hakufundishiki kwa rula. Lakini basi mwalimu aseme, hii ni kwa viraka vitupu, ukiwa na darizi njoo tuongee. Neno moja tu hilo. Yule dada alikuwa na ndege wawili wazuri sana kwenye kona, mmoja mstari umepita kwenye jicho.

Vitu vidogo navyotaja harakaharaka kabla mhariri hajanikata. Uzi mwekundu na wa bluu iliyokoza ujaribu kabla, lowesha pamba nyeupe uikandamize juu yake, ikitoka na rangi usitie kwenye maji mfarishi wote. Nyuma ya darizi kata vimkia virefu vya uzi mweusi, kwenye kitambaa cheupe vinaonekana kwa juu kama mishipa. Alama chora kwa kipande cha sabuni kilichokauka, siyo peni, peni haitoki. Pasi piga kwa nyuma, uso wa darizi umelalia taulo nene ili isibonyee, na kama ni pasi ya mkaa ipeperushe nje kwanza, cheche moja tu unaanza kutafuta kiraka.

Mpaka naandika nimefika kipande cha kumi na tatu. Na nina ombi kwa huyo huyo msomaji wa Iringa, maana anaonekana ni mtu wa biashara za vitambaa. Kama huko kwenu kuna duka linauza fiba nyembamba kwa mita, aandike hapa bei yake. Hapa ninayoipata ni ile nene ya mafundi makochi, ilinibidi niikalie na binti yangu tuichane kwa mikono, yeye anavuta upande wake na mimi wangu, mpaka ikawa tabaka mbili, na ile kazi ilinichosha kuliko bandi, kuliko kufumua, na bado kuna sehemu imechanika nene na sehemu imechanika kama utando wa buibui.

Mshonaji,
Uyole, Mbeya